Samaki wa Kumrudisha Mama Anifa Nyumbani

Jumamosi, 2 Agosti 1997

Mama Anifa kaenda tena kwa kaka yake. Jioni ya ishirini na tisa mfululizo! Nimezihesabu. Tangu tumwoze binti yetu Anifa, akaondoka na mumewe kwenda Tabora, nyumba hii imebaki na watu wawili. Mmoja wao kila magharibi anajitanda khanga na kutoka.

Sababu naijua. Shemeji Abdulhamidi, mwenye mashine ya kukamua alizeti, kanunua televisheni ya rangi. Ungo wake wa kunasa picha umekaa juu ya paa, mkubwa kuliko paa lenyewe. Tangu biashara iwe huria mtu huyu hana haya. Mtaa mzima unajazana mikekani kwake kuangalia mieleka.

Sawa. Nami nitaleta kitu cha kuangalia. Kina rangi, kinatembea, na hakihitaji ungo. Tangi la kioo nimeshaliagiza kwa fundi wa madirisha.

Jumapili, 3 Agosti

Nimemkuta Urbano stendi. Hupita hapa kila mwezi na samaki wa mapambo kutoka Dar, akiwapelekea wenye hoteli Mwanza. Safari hii ana samaki waitwao ramu. Urefu wa kidole gumba, asili yao Amerika ya Kusini. Kifua cha njano, vidoa vya buluu, jicho jekundu. Nilisimama mdomo wazi.

Urbano akaanza mahubiri. Eti nichukue dume na jike. Eti dume ana miiba mirefu mbele ya pezi la mgongoni, jike ni mdogo na tumbo lina wekundu. Eti nisimkimbilie anayeng'aa kupita kiasi, wengine wamelishwa dawa. Eti tangi likae na maji mwezi mzima kabla ya kutia samaki. Mwezi! Nikamwambia mimi Mselemu nimenunua mbuzi mnadani Ilongero miaka ishirini, kuchagua mnyama sifundishwi.

Nikachagua kimnada. Wawili wakubwa, wenye kifua, wanaowasukuma wenzao. Yule wa tumbo jekundu nikamkataa. Nimewahi kununua mbuzi wa tumbo jekundu, hakumaliza wiki. Nikaongeza vijisamaki sita vyenye mikia kama upepeo, kuwachangamsha wakubwa. Urbano akatikisa kichwa, akasema haya mzee, wako hao.

Jumatatu, 4 Agosti

Shida ya maji. Ramu wanataka maji laini, ya mvua. Ya kisima chetu yana chumvi, nani wa Singida asiyejua? Maji ya mvua yapo ndani ya tangi la saruji la Mama Anifa. Anayatunza tangu masika kwa kazi mbili tu, chai na maharage, kwa sababu maharage ya maji ya kisima hayaivi hata uyaombee dua. Kina chake hukipima kwa fimbo. Ndoo moja ikipungua, anajua.

Nikatumia akili. Alipokwenda sokoni nilichota ndoo nane za mvua, nikarudishia ndoo nane za kisima. Fimbo haitasema kitu!

Samaki wameingia tangini leo leo. Wamependeza mno. Nimeweka viti viwili mbele yao.

Jumanne, 5 Agosti

Maharage yamechemka tangu asubuhi hadi alasiri. Yanagonga sahani kama kokoto. Mama Anifa akaonja chai, akaniangalia, akakiweka kikombe chini polepole. Akauliza samaki hawajambo? Nikasema hawajambo. Akasema alhamdulillahi, angalau humu ndani wapo wanaokunywa maji mazuri.

Jioni akaenda kwa kaka yake. Tangi hakulitazama hata kwa jicho la pembeni. Nimekaa peke yangu, kiti cha pili kitupu. Sitajificha kwenye daftari langu mwenyewe: roho imeniuma.

Jumatano, 6 Agosti

Upepo wa Agosti unapenya hadi kwenye mifupa. Ramu hawataki baridi. Nimening'iniza taa ya umeme juu ya tangi na kulizungushia blanketi ubavuni. Vijisamaki vya upepeo viwili vimekufa. Maji yana ukungu. Labda ule mwezi wa Urbano ulikuwa na maana kidogo. Kidogo sana.

Ramu mkubwa anamfukuza mwenzake pembe hadi pembe. Nadhani wanachumbiana.

Shemeji Abdulhamidi kaja kutazama. Kazunguka tangi mara mbili, akasema ni nzuri, shemeji, ila sauti yake iko wapi? Akacheka hadi akakohoa. Nikamwombea kikohozi kiendelee.

Alhamisi, 7 Agosti

Saa kumi na mbili jioni umeme umekatika mji mzima. Mungu anisamehe, nilifurahi. Televisheni kwisha!

Lakini Mama Anifa akajitanda khanga vilevile. Nikamwuliza, umeme hakuna, unakwenda kuangalia nini? Akasimama mlangoni. Pale pale nikakumbuka tangi, taa imezimika, maji yanapoa. Nikaanza kuhangaika na mablanketi. Nikajikwaa kiti.

Akarudi. Akasema sogea, Baba Anifa. Akachemsha maji, akayatia kwenye chupa za soda, akaziziba, akazitumbukiza tangini moja moja, kama anavyofanya kwa vifaranga wakati wa kipupwe. Kisha akainama na chemli. Yule ramu anayefukuzwa alikuwa nyuma ya jiwe, rangi imemtoka, pezi limechanika. Akaniuliza kwa upole kama niliwahi kuona mabeberu wawili wakapatana kwenye zizi dogo. Akamchota kwa kikombe, akamweka peke yake kwenye bakuli la pilau pamoja na chupa yake ya moto.

Akakaa. Kwenye kile kiti cha pili! Akamtazama muda mrefu. Akasema na Anifa atakuwa hivi, mgeni kwenye nyumba ya watu, kajibanza nyuma.

Ndipo akaniambia. Televisheni huipa mgongo. Anachokifuata kwa kaka yake ni simu. Anifa alimwambia atapiga jioni akipata nafasi, siku hajui. Katika siku zote hizi kapiga mara moja. Akasema, ungeniuliza tu, Baba Anifa.

Nikasema nawe ungeniambia. Akanikumbusha kwamba siku Anifa alipoondoka nilikataza jina lake lisitajwe wakati wa kula, kwa sababu tonge lilikuwa halipiti. Ni kweli. Nilikataza. Nikaangalia samaki, naye akaangalia samaki, machozi yakitutoka sote.

Nikachukua chemli nikamsindikiza kwa shemeji. Simu haikulia. Tulikaa pamoja.

Jumamosi, 9 Agosti

Anifa kapiga!

Nilikuwa nimejiandaa. Ningemwambia, mwanangu, nyumba haina sauti bila wewe. Shemeji akanipa simu. Anifa akasema shikamoo baba. Nikafungua mdomo nikamweleza jinsi ya kutofautisha ramu dume na jike. Miiba ya mgongoni, wekundu wa tumbo, kila kitu. Anifa akacheka, halafu akalia, akasema baba nimekukumbuka. Nikamwambia na maji yawe ya mvua. Mama Anifa akaninyang'anya simu.

Wakati wa kurudi alinitangulia hatua mbili, akapunguza mwendo hadi nikamfikia. Ramu wa bakuli karudiwa na rangi.

Jumapili, 10 Agosti

Nimetafakari tangu alfajiri. Anifa alimwambia mama yake kwamba mumewe huchelewa kazini na jioni nyumba ile ina ukimya. Mama Anifa anasema anataka tukamtembelee baada ya mavuno ya asali, tukae naye siku chache, basi. Mawazo ya kawaida kabisa.

Mimi nimeona mbali zaidi. Urbano anarudi kesho kutoka Mwanza na samaki waliobaki. Nitachukua ramu kumi, niwatie kwenye chupa kubwa ya chai wasipoe, niwapandishe basi la Tabora. Nimeshaongea na kondakta, atawafungulia hewa wakifika Shelui. Fundi wa madirisha anatengeneza tangi la pili, kubwa kuliko kitanda cha mkwe wangu.

Anifa sijamwuliza. Mkwe sijamwuliza. Mama Anifa ndiyo kabisa, ataanza maswali.

Watafurahi mno.