Kalsiamu ya Mwalimu Igarashi

Jumatatu, 3 Machi. Osaka.
Mwalimu Igarashi hatatoka hospitali. Mapafu yamekwisha. Mkewe, Mama Fumie, ametuomba wanafunzi wake tuache kupeleka matunda, tupeleke habari. Habari yenyewe twaijua: kalsiamu. Metali ya kawaida, ya kwenye mifupa na chaki. Ukiibana kati ya ncha mbili za almasi, kwa mgandamizo kama wa ndani kabisa ya dunia, kisha ukaipoza sana, inapitisha umeme bila ukinzani hata chembe. Mwalimu amezeeka akitaka ifanye hivyo bila kupozwa kiasi hicho. Lazima asikie kabla hajaenda. Na mleta habari lazima niwe mimi, si Urabe. Urabe ni mdogo wangu kazini, lakini almasi nzuri kapewa yeye. Dhuluma! Nimemwambia mashine ya kupozea iko matengenezoni hadi Ijumaa. Aliinama, akanishukuru.

Jumanne, 4 Machi.
Nimechukua almasi za Urabe kabatini. Nimeazima, tuseme. Punje ya kwanza ya kalsiamu imepotea. Nilipiga chafya, mkono ukaruka. Ya pili imekaa. Nyaya nne za dhahabu za kupimia umeme, nyembamba kuliko unywele. Mkono wangu ni wa fundi, nikitaka.
Mchana Urabe akatokea. Eti amempigia simu fundi wa mashine, naye hana habari ya matengenezo. Nikasema fundi huyo ni mgeni. Urabe akaenda kula.

Jumatano, 5 Machi.
Ukinzani sifuri! Grafu imeshuka kama jiwe kisimani. Nyuzi arobaini juu ya baridi ya mwisho kabisa! Hakuna aliyewahi kufika huko kwa kalsiamu. Nimekimbia hadi hospitali na ndala za maabara.
Mwalimu alinishika mkono. Mkono mwepesi, kama karatasi. Akauliza kwa sauti ya kukwaruza: “Sumaku umeijaribu?”
Nikasema ndiyo. Ningeijaribu kesho, sawasawa tu na jana. Akafumba macho, akatabasamu. Mama Fumie akalia, kisha akashuka kununua vitumbua vya pweza kwa manesi wote. Naye akala, sita vizima.

Alhamisi, 6 Machi.
Nimewasha sumaku. Kama ni kweli, sumaku huziteremsha zile nyuzi. Hazikushuka. Nikaongeza. Ng'o!
Urabe akainama kwenye hadubini bila kuombwa. “Kaka Hisanaga,” akasema polepole, “hii ni shoti. Nyaya mbili zimegusana, umeme haupiti kwenye kalsiamu.”
Nikasema nitaongeza mgandamizo, zitaachana. Akasema usiguse. Nikagusa. Mlio mdogo, kama kutafuna mchanga kwenye wali. Almasi zote mbili zikawa unga.
Urabe akakaa sakafuni. Alikuwa akizichonga ncha zile tangu majira ya joto. Hatimaye akauliza nani atamwambia Mwalimu. Nikashauri tunyamaze: mzee anakufa, aende na furaha yake.
“Furaha ya shoti?” akasema. “Kesho tunakwenda wote.”

Ijumaa, 7 Machi.
Mpango: Urabe aseme, mimi nishike maua. Urabe naye akaningoja mimi. Maua yakaanza kudondoka.
“Ilikuwa shoti, siyo?” akasema Mwalimu.
Alijua tangu Jumatano. Nilipojibu habari ya sumaku, eti nilitazama dari. Eti mimi hutazama dari kila nidanganyapo, tangu nikiwa mwanafunzi. Hakusema kwa sababu mkewe alikuwa hajala vizuri wiki nyingi, na siku ile alikula.
Urabe akamweleza habari za almasi. Hakunitaja. Mwalimu akamwuliza angechonga vipi nyingine. Wakazungumza mpaka nesi akatufukuza, mzee akichora ncha hewani kwa kidole. Mlangoni akaniita. “Hisanaga, msaidie mwenzako. Basi.”
Nimelia kwenye ngazi. Machozi ya kweli, bila hesabu yoyote ndani yake.

Alhamisi, 13 Machi.
Tumeuchoma mwili wa Mwalimu leo. Mvua. Mama Fumie ameokota mifupa majivuni kwa vijiti, kama ilivyo desturi yetu, taratibu, mimi na Urabe nyuma yake. Mifupa myeupe sana. Urabe akanong'ona: “Kalsiamu.” Mama Fumie akasikia, akacheka, akalia. Nikafukiza ubani, nikamwahidi Mwalimu kwa moyo wangu wote kwamba nitamsaidia Urabe.
Nimeanza tayari. Almasi zake mpya zinafika Jumatatu, naye atakuwa Kyoto kwa mama yake. Nimeongea na mtu wa mapokezi. Nitazipokea mimi. Nitazifungua mimi. Akirudi, akute sehemu ngumu yote imekwisha fanywa!