Tumbo Langu Hewani

Jumatatu, 3 Machi
Habari kubwa! Redio yetu inafungua televisheni. Mkurugenzi ametutangazia leo: anatafutwa msomaji mmoja wa taarifa ya habari, majaribio Jumamosi. Wote wakanigeukia mimi. Sawa, wawili walinigeukia. Wengine walimtazama Kidevu, mtangazaji wa michezo, mwembamba kama ufagio, mwenye kidevu cha kupigiwa picha. Yeye ana sura. Mimi nina sauti. Bahati mbaya sauti haionekani.

Nyumbani nikajaribu koti la harusi yetu. Kifungo kiligoma. Nikabana pumzi, kikafunga. Nikaongea, kikaruka, kikatua kwenye bakuli la mke wangu. Akakiopoa kwa kijiko, akauliza kama nitasoma habari bila kupumua.

Uamuzi: wanga basi! Wali, mkate, viazi, sukari, kwaherini. Mke wangu akasema nipunguze polepole, tumbo lizoee. Eti haraka haraka haina baraka. Hiyo ni methali ya watu wasio na majaribio Jumamosi.

Jumanne, 4 Machi
Asubuhi mayai. Mchana nyama ya kukaanga. Jioni nyama na mayai, siagi juu. Mboga za majani nimeziacha, sina muda wa kutafuna majani. Maji nayo nimepunguza, maana msomaji wa habari hawezi kutoka studio katikati ya taarifa. Kichwa kinagonga kidogo. Lakini mkanda umesogea tundu moja! Nikampita Kidevu kwenye ngazi kwa ubavu, makusudi, aone. Akaniuliza kama mgongo unaniuma.

Jumatano, 5 Machi
Choo hakuna. Nilikaa msalani asubuhi mpaka mke wangu akabisha hodi, akidhani nimezirai. Tumbo limevimba kama ngoma, na gesi yake haina adabu.

Nikaenda duka la dawa kwa siri: kofia, miwani nyeusi. Nikamwambia dada wa dukani kwamba mjomba wangu ameacha wanga ghafla na sasa amefunga choo. Akasema mjomba anywe maji ya kutosha, ale mboga za majani kila mlo, apunguze mafuta, atie chumvi kidogo kwenye supu, maana mwili ukikosa wanga hupoteza maji na chumvi. Na atembee. Kidogo kidogo tumbo litazoea. Maumivu yakizidi, amwone daktari. Nikashukuru. Akauliza kama mjomba mwenyewe ndiye anayesoma habari za saa moja, maana sauti ni ile ile. Wateja wote wakageuka.

Sikununua kitu. Maji na majani! Kwani mimi bata?

Alhamisi, 6 Machi
Aibu. Mchezaji mkongwe wa mpira amefariki, na mkurugenzi akaagiza dakika ya kimya hewani. Kidevu kando yangu, vichwa tumeinamisha. Kimya. Ndipo tumbo langu likaanza. Kwanza kama mlango wa zamani. Kisha kama mtu anayesogeza kabati. Likapumzika, halafu likamalizia kama linauliza swali. Nikamtazama Kidevu kwa masikitiko, ili fundi mitambo nyuma ya kioo aelewe mkosaji ni nani. Hakuelewa.

Mkurugenzi akaniita. Nikasema ni kiti. Fundi mitambo akaleta mafuta, akakipaka kiti. Taarifa ya saa moja, kiti kikalia tena. Msikilizaji mmoja amepiga simu kuuliza kama studio tunafuga mbwa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata ufumbuzi! Peremende za mnanaa zisizo na sukari. Kwenye pakiti, kwa maandishi madogo: zikiliwa kwa wingi huweza kuharisha. Hatimaye, kitu kinachoahidi!

Halafu likaja wazo la pili, tamu zaidi. Nikanunua pakiti mbili. Moja nikampelekea Kidevu, nikamwambia kwa upole zinalainisha koo, azimalize kesho kabla ya majaribio. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema hakujua kama nampenda hivyo. Nilijisikia vibaya mpaka chakula cha jioni.

Jumamosi, 8 Machi
Koti limefunga! Pakiti yangu niliimaliza mapema, yote. Kidevu akatangulia. Akasoma vizuri, ametulia tuli, hata jasho hana. Nikashangaa.

Zamu yangu. Fundi mitambo akanibandikia kipaza sauti kidogo kwenye kola. Taa, kamera. Habari ya kwanza niliisoma kifalme. Ya pili, tumbo likajigeuza. Ya tatu, nikamwona mkurugenzi anainuka, jasho linamtoka, anakimbia. Nikadhani ameguswa na usomaji wangu. Kisha na mimi nikakimbia.

Choo kimoja tu kwenye korido ile. Kimefungwa. Nikaupiga mlango.

"Fungua ndugu yangu, nakufa!"

"Subiri zamu yako!" Sauti ya mkurugenzi.

"Bosi, nimekula pakiti nzima!"

Sauti ikatoka ndani, taratibu: "Pakiti ya nini?"

Nikaeleza yote, na ya Kidevu pia, maana aliyebanwa hana siri. Kumbe Kidevu, kwa heshima zake, alimpa mkurugenzi pakiti ile asubuhi. Na kumbe kipaza sauti bado kilikuwa kwenye kola. Studio nzima ilisikia, pamoja na yaliyofuata. Fundi mitambo anasema sauti ilikuwa safi kabisa.

Jumapili, 9 Machi
Televisheni amepewa Kidevu. Alinipigia mwenyewe. Hakunitukana, akaniuliza tu naendeleaje. Hilo liliuma kuliko tumbo. Mkurugenzi amenihamishia kwenye matangazo ya alfajiri.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipikia supu nyepesi, mchicha, chumvi kidogo, na akanisimamia nimalize jagi la maji. Mchana tumbo lilikuwa limetulia. Lazima niwe mkweli: dada wa duka la dawa alisema kweli.

Na mwezi ujao, nasikia, televisheni itatafuta msomaji wa hali ya hewa! Basi nimepiga hesabu. Kama mboga kidogo na maji kidogo vimeleta amani kwa mchana mmoja, vingi vitashindwaje? Nimenunua kabichi kubwa kuliko zote sokoni. Kesho naanza: kabichi tu, mbichi, asubuhi mpaka jioni.

Mke wangu ameitazama kabichi. Ameuchukua mto wake, ameuhamishia sebuleni.