Tumbo la Mkwe Haliulizwi

Jumatatu, 4 Agosti

Habari nzito! Mke wangu karudi kutoka nyumba kubwa, kwa wazazi wake, na mambo mawili. La kwanza: baba mkwe amechoka, Jumapili anakabidhi funguo za duka la rangi. Kwa nani? Hakusema. Wakwe tupo wawili. Mimi, ninayechanganya rangi dukani humo tangu nioe, na mwanyumba wangu, aliyeoa dada wa mke wangu. Huyo anafundisha watu udereva, na kola ya shati lake haijawahi kukunjika. Namwita Bwana Kola. Kimoyomoyo.

Akipewa yeye, tumekwisha. Chumba tunacholala kiko nyuma ya duka, na Kola alishasema mbele za watu kwamba pangefaa kuwa stoo. Mke wangu alinikumbusha hayo huku akikunja nguo, bila kuniangalia. Roho iliniuma.

La pili: nyumba kubwa kuna tumbo linasumbua. Nikauliza linasumbua vipi, linafunga au linaendesha? Akanitolea macho. Mkwe na mambo ya choo wapi na wapi! Niwe na haya.

Haya ninayo. Na akili pia ninayo. Mzee kanuna siku nyingi, anakaa kwenye benchi lake akitazama makopo ya rangi kama mtu anayeyaaga. Huyo hapati choo, basi! Atakayemponya ndiye atakayepewa funguo.

Jumanne, 5 Agosti

Redio ilisema kuna vyakula vinavyofanya kazi zaidi ya kushibisha. Nikaenda duka la dawa. Mfamasia ni dada mwenye miwani na subira. Nilimwambia mgonjwa ni rafiki yangu. Akatazama tumbo langu.

Akaeleza kuwa ndani ya matumbo wanaishi bakteria, wema na wabaya. Wale wema hupatikana kwenye mtindi na kabichi iliyochachushwa, jina lao probiotiki. Halafu nao wana chakula chao, nyuzinyuzi za shayiri, ndizi, maharage. Hapo nikapotea. Kwa hiyo unawala wao, kisha unawalia na chakula chao? Ni chakula hao au ni wageni? Tangu utotoni nachapwa ninawe mikono ili wafe, leo niwanunue!

Akasema kila aina ina kazi yake, nianze kidogo kidogo, maji yawe mengi, na shida ikiendelea rafiki aende hospitali. Kisha akauliza rafiki ana shida gani hasa. Nikala kona.

Nimenunua mtindi. Kufika nyumbani, wasiwasi. Nani kawathibitisha hao wema? Nikauchemsha mpaka ukatokota. Ukawa mabonge na maji ya manjano. Mke wangu akauliza napika nini. Nikasema bakteria. Akasema kama ndio hao, wameshakufa. Lahaula! Nimewaua wema kwa mikono yangu mwenyewe. Na wabaya pia, nadhani, lakini hilo halinisaidii.

Jioni nimeanza upya. Maziwa ya uvuguvugu, kijiko cha mtindi mpya, nimefunika kwa koti langu la harusi.

Jumatano, 6 Agosti

Umeganda! Mzito, unang'aa. Nimempelekea Mzee ndani ya kopo jipya la rangi, halijawahi kutumika, safi kabisa. Kasoro ni karatasi yake tu, imeandikwa NYEUPE YA UKUTANI na imegoma kubanduka.

Mzee akatazama kopo. Akanitazama mimi. Nikammiminia, nikamkabidhi kikombe kwa mikono miwili, nikainama. Angefanya nini? Mkwe akikupa kwa adabu hivyo, unapokea. Akanywa. Mwili ukamsisimka wote. Akasema ahsante, mwanangu.

Mara Kola huyo, na papai kubwa kama kichwa cha mtoto! Eti kapita tu, eti ni zuri kwa afya. Kwa afya, na huku ananikonyeza. Naye kasikia, mjanja yule! Mzee akala papai lote, maana hawezi kula cha mkwe mmoja akaacha cha mwingine. Mimi nikazidi kumimina.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo nimeongeza uji wa shayiri na ndizi zilizoiva sana, ili bakteria wangu wasife njaa. Kola kaleta matunda makavu yaliyolowekwa na papai jingine. Mshindani gani huyu asiye na ubunifu?

Kabla ya adhuhuri Mzee akainuka benchini ghafla, akakatiza ua mbio kuelekea chooni, ndara moja ikabaki nyuma. Inafanya kazi! Niliruka nikapiga kichwa kwenye rafu. Kila mara natupia jicho ule mlango wa choo. Mteja alitaka rangi ya maziwa, nikamchanganyia waridi. Baadaye akasema ni ya ofisi ya mawakili.

Jioni Mzee akaniita pembeni. Akanishika bega. Akaanza kusema mwanangu, huu mtindi wako... Akakohoa. Akatazama chini. Mwishowe akasema naujulia. Masikini, shukrani zimemkaba! Kesho vikombe viwili.

Ijumaa, 8 Agosti

Sielewi. Mtu amepona, mbona uso umekuwa wa kijivu? Mzee anatembea akishika ukuta. Nilipotokea na kopo alifumba macho.

Nikarudi kwa mfamasia. Nikasema rafiki sasa anakwenda, tena anakwenda vizuri. Akauliza mara ngapi. Nikajibu rafiki yule haulizwi. Akavua miwani. Akasema niache kumpa kila kitu, leo hii, nimpe maji yenye chumvi na sukari, akanitilia mkononi pakiti za kuyachanganya. Niache? Sasa hivi, ninapokaribia kushinda? Huenda dada huyu anajifunza udereva kwa Kola. Dunia hii!

Na jambo jingine linanichanganya. Mzee alibakisha zaidi ya nusu kopo, lakini kopo limerudi tupu, limeoshwa. Na mama mkwe anaimba jikoni. Mama mkwe haimbi.

Jumamosi, 9 Agosti

Benchi ni tupu. Nilipokwenda nyumba kubwa, Mzee aliniona dirishani na kikombe changu, akavuta pazia. Nikasimama uani kama mlingoti. Je, nikimuua? Niliogopa, naandika wazi. Mzee huyu alinipa binti yake wakati sina mbele wala nyuma.

Nikampa mke wangu zile pakiti apeleke. Akauliza za nini. Nikasema za rafiki. Akazichukua, akaenda.

Jumapili, 10 Agosti

Leo sina hamu ya kuandika. Naandika hivyo hivyo.

Tulikaa sebuleni sote. Kola kapiga pasi mpaka soksi. Mzee akaingia amejifunika blanketi, nafuu anayo kidogo. Akaanza hotuba. Akasema duka hili alilianza kijana. Akatoka mbio. Akarudi, akasema ameumia mwezi mzima kuwaza kuliacha, ndiyo maana alikuwa kanuna. Akatoka mbio. Sote tukatazama viatu vyetu. Nani athubutu kusema neno?

Kumbe alinuna kwa huzuni! Nikamnong'oneza mke wangu, tumbo lililosumbua lilikuwa la nani basi? Akanijibu la mama, la nani tena? Alishangaa kweli. Kwani nilidhani la nani?

Mzee alikuwa mzima kama jiwe!

Mama mkwe ndiye aliyemalizia hotuba. Akasema funguo zilikuwa mfukoni mwa mumewe tangu Jumatatu, na alikusudia kunipa mimi. Mimi! Kwamba rangi nazikosea, ni kweli, lakini sijawahi kumdanganya mteja, naye Kola huwadanganya hata anaowafundisha udereva. Lakini baada ya wiki hii, akasema, Mzee haoni kama wakwe zake wanafaa kuachiwa hata kopo. Mmoja anamshindilia mapapai, mwingine anamnywesha rangi ya ukuta.

Nikataka kusema haikuwa rangi. Lakini mama mkwe hakatizwi.

Basi akasema yeye mwenyewe tumbo limemkaa sawa, kwa sababu ambayo hataitaja mbele ya wakwe, na ana nguvu ambazo hajazisikia miaka mingi. Akachukua funguo, akazifunga kwenye pindo la kanga yake. Duka ataendesha yeye. Sisi tubaki chumbani kwetu. Kwa sharti: mkwe yeyote asilete tena chakula katika nyumba ile.

Njiani kurudi chumbani mke wangu alitangulia. Pale ua unapoishia akasema taratibu kwamba funguo zilikuwa zetu, zilikuwa zetu tayari, nisingefanya chochote zingekuwa zetu. Nikalia. Naye akanishika mkono, nikalia zaidi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimelala, nimefikiri, nimepata nuru. Mtindi ulifaulu! Ulikosea mlengwa tu, na hilo ni kosa la mtindi, si langu. Kama bakteria wangu wamemfanya mama mkwe aimbe kwa bahati mbaya, watafanya nini nikiwatuma kwa makusudi? Mwaka hautaisha kabla hajanikabidhi funguo mwenyewe.

Tena alikataza chakula. Kinywaji hakukitaja.

Leo asubuhi amefungua duka, na nimemsikia akiguna alipopanda ngazi kufikia rafu ya juu. Goti! Nimeshabandika maziwa jikoni, safari hii na kabichi ndani. Goti la kulia au la kushoto, sijui. Kumuuliza mkwe habari ya magoti yake ni aibu kubwa. Nitakisia.