Kompyuta Ndiyo Ipewe Onyo

Ndugu Afisa Utumishi,

Salamu nyingi kutoka masjala, chumba cha mwisho baada ya stoo ya mafagio. Nimepokea barua yako ya onyo, ya pili mwaka huu, inayosema mimi ni mzembe na kwamba nisipomaliza orodha ya majalada ifikapo Ijumaa nitahamishiwa getini kuandikisha wageni. Roho imeniuma. Kwa miaka kumi na tisa najua kila jalada lilipolala. Naomba unisikilize, maana mzembe ni hii kompyuta mpakato mliyonipa.

1. Ikiwa kwenye waya wa umeme, inachapa kazi. Ikitolewa tu, prosesa yake, yaani ubongo wake, inajishushia mwendo hadi theluthi. Haiombi ruhusa wala haijazi fomu. Nabonyeza herufi, navua miwani, naifuta, naivaa, ndipo herufi inajitokeza.

2. Nikiiacha dakika tano inazima kioo na kulala. Mimi nilisinzia mara moja tu, nikaitwa kwenye kikao cha watu saba.

3. Nilimwita fundi wa kompyuta nikitegemea ataitia adabu. Akaisifu! Eti haijaharibika, inabana matumizi ili betri idumu. Ndugu Afisa, nina miaka hamsini na minne, na magoti yanalia kila nikichuchumaa kwenye kabati la chini. Nami nataka kudumu. Iweje kwake iwe busara, kwangu iwe uzembe?

4. Kwa hiyo naomba kompyuta ipewe barua yake ya onyo, na nakala iwekwe kwenye jalada lake. Jalada nimeshalifungua, lina namba. Ikishindikana, basi nami niruhusiwe kubana matumizi. Mazoezi nimeanza: jana nilitoka masjala hadi mlangoni kwako, hatua arobaini, kwa dakika kumi na nane. Dada wa mapokezi alinisogezea kiti mara mbili.

Nisalimie mhasibu, dereva, mama wa usafi, na wote wanaopitia masjala kila siku kunywa chai.

Ni mimi mtumishi wako, kwa mwendo wowote utakaouidhinisha,

Karani wa Masjala

Baada ya kutia sahihi: Fundi amepita tena, akauliza kwa nini kompyuta haichomekwi ukutani. Imebidi niseme kweli. Masjala ina soketi moja, na saa zote za kazi imekaliwa na birika langu la umeme, lenye karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu: MARUFUKU KUCHOMOA. Akachomoa. Orodha iliyonitoa jasho wiki tatu nimeimaliza leo kabla ya saa nane, naiambatanisha. Basi yafute yote ya hapo juu, onyo ni langu na nimelipokea. Naambatanisha pia kikombe chako cha bluu. Hiyo chai yako ya saa nne, Ndugu Afisa, ndiyo iliyokuwa ikinichelewesha.