Setilaiti ya Saa Saba na Nusu

Hilaire Tumukunde alisikia habari za setilaiti akiwa Sake, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimsubiri fundi amalize kuitazama pikipiki yake. Fundi alikuwa akiitazama tangu asubuhi. Pikipiki hiyo ilikunywa oili kama mgonjwa anavyokunywa maji, na kila ilipowashwa ilitoa wingu la buluu, hata wauza dagaa wa sambaza wa jirani walifunika mabeseni yao. Ilikuwa mali yake pekee, kwa hiyo aliiheshimu.

Redio ya fundi ilieleza kwamba siku hizi iko setilaiti inayopima uchafu wa hewa kutoka juu. Hupita mara moja kwa siku, saa saba na nusu mchana, na wataalamu wakilinganisha picha za mwaka huu na za mwaka jana, wanaona ni wapi moshi umeongezeka na wapi umepungua.

Watu wengine waliosikia walisema "Eh!" wakarudi kwenye kazi zao. Hilaire aliomba kalamu.

"Fundi, huku mu milima, ba nani banatoaka moshi mingi?"

"Batu ba fromaji ba Karuba. Banachemshaka maziwa na kuni kila siku ya Mungu."

"Na bako na kitu?"

"Bako na fromaji."

Hilaire aliandika neno hilo, fromaji, yaani jibini, akalipigia mstari.

Tusiharakishe kumwita mwizi. Mwizi huja bila karatasi, na Hilaire alifika Karuba siku ya Alhamisi na karatasi nyingi. Shingoni alikuwa na kadi yenye picha yake na neno EXPERT, na mkononi ramani ya rangi aliyoichapisha kwenye sibe moja, duka la intaneti, mjini Goma. Ramani ilionyesha doa kubwa jekundu juu ya Masisi, eneo lenye Karuba. Chini yake palikuwa na tarehe, 14 Februari. Hilaire hakuwa amejali tarehe. Aliichagua ramani hiyo kwa sababu ya wekundu wake.

Komite ya watengeneza jibini ilikutana uani kwa rais wao, Mama Annonciata Mukandayisenga. Pembeni yake alikaa katibu, Papa Symphorien, aliyekuwa na daftari, saa ya mkononi na muhuri, na ambaye hakuna alichofurahia kuliko kuupiga muhuri huo.

"Hii mwekundu njo moshi yenu," Hilaire alisema kwa sauti ya daktari mwenye majibu mabaya. "Mwaka jana fasi hii ilikuwa kijani. Setilaiti imebaona. Sasa banunuzi ba Goma habatapokea fromaji ya mutu asiye na sertifika ya hewa safi. Minaweza kubapatia hiyo sertifika. Kila mutu atatoa fromaji kidogo, za kupimwa ku laboratware."

"Kidogo ni ngapi?" Mama Annonciata aliuliza.

"Kwako rais, kumi na mbili."

Alijua hesabu hiyo kwa sababu alikuwa amechungulia ghalani. Jibini hizo kumi na mbili Mama Annonciata alikuwa amezigeuza na kuzipangusa kwa miezi mitatu. Jumamosi mfugaji mmoja wa Nyamitaba angezipokea huko kwake na kumpa mtamba badala yake. Ng'ombe wa Mama Annonciata alikuwa amezeeka, na bila mtamba huyo, mwakani sufuria yake ingebaki tupu.

Aliomba ramani, akaisogeza karibu na macho. Siku ya tarehe kumi na nne Februari aliikumbuka vizuri. Upepo ulikuwa umeleta moshi wa volkano ya Nyamulagira, mvua ikawa na ladha ya betri, na majani ya maharagwe yake yakaungua. Wekundu ule ulianzia pale pale kwenye volkano, ukanyooka kama ulimi hadi Karuba. Moshi wa kuni haukuwamo.

Aliikunja ramani, akamrudishia. Kazi ya kugeuza jibini humfundisha mtu kutoharakisha.

"Karuba iko ukungu siku zote," alisema taratibu. "Hiyo mashini inatuona ginsi gani?"

"Mama, mama mukwe wako haonaka mu chungu yako bila kuifungua?"

Wanakomite walicheka. Mama Annonciata naye alicheka, kwa kipimo.

"Sawa, Papa Expert. Tunakubali. Lakini huku kwetu kitu haikubalike bila règlement, sheria ya kuandika. Papa Symphorien, andika. Artikle ya kwanza: kila kitu inatoa moshi saa setilaiti iko inapita, komite inaikamata."

"Mpaka lini?" aliuliza katibu.

"Mpaka siku itaacha moshi. Papa Expert, ni vizuri hivyo?"

"Ni vizuri sana!" alisema Hilaire, akifurahi kupata watu wanaoelewa upesi. "Ongeza: hata na mizigo yake."

"Hata na mizigo yake," Papa Symphorien aliandika.

Hilaire alitia sahihi kwanza, kubwa, yenye mkia. Muhuri ulipigwa mara tatu, ingawa mara moja ingetosha.

Baada ya hapo walimkaribisha mezani. Kila alipotaka kuinuka, Mama Annonciata alimwongezea viazi. Aliposhiba kabisa, watu walimsaidia kufunga zile jibini kumi na mbili, za kuanzia, nyuma ya pikipiki, kwa kamba mbili na mafundo mengi. Hilaire aliaga, akapiga kiki. Wingu la buluu lilijaa uani, likafunika komite nzima. Ndani yake ilisikika sauti ya Mama Annonciata.

"Papa Symphorien, ni saa ngapi?"

"Saa saba na nusu kamili, Mama Prezida."

Wingu lilipoondoka, ufunguo wa pikipiki ulikuwa mkononi mwa katibu.

"Lakini Mama," Hilaire alisema, "hii moto yangu, hii pikipiki, iko ya kazi! Setilaiti haiangaliaka moto moja!"

"Imeona kuni yangu, itashindwa na moto yako?"

"Mizigo basi. Mizigo haina moshi."

Papa Symphorien alifungua daftari na kumsomea maneno aliyoyaongeza yeye mwenyewe, polepole.

"Sasa mutaifanya nini?"

"Jumamosi itanifikisha Nyamitaba," Mama Annonciata alisema. "Asubuhi mapema, mbele ya setilaiti kupita. Usihuzunike, kaka. Hatuwezi kukuacha utembee na miguu."

Walimpa chukudu, ile baiskeli ya mbao ambayo vijana hushushia viazi sokoni, isiyo na injini wala moshi. Walimpa pia sertifika ya hewa safi, namba moja, yenye muhuri.

Mteremko wa kwenda Sake ni mkali. Breki ya chukudu ni kipande cha tairi kuukuu juu ya gurudumu la nyuma, nawe hukikanyaga kwa nguvu zako zote. Kwenye kona ya tatu Hilaire alisikia harufu ya kuungua. Aliinama, akaona uzi mwembamba wa moshi ukipanda kutoka chini ya kiatu chake.

Aliondoa mguu haraka, akatazama juu angani.