Komiti ya Injinia

Hakuna kompyuta duniani iliyowahi kumshinda Injinia! Alisema hivyo mwenyewe, na kwa kuwa hakuna kompyuta iliyojitokeza kupinga, watu walimwachia.

Hata hilo jina la Injinia alijipa. Alikwenda chuoni kusomea mambo ya kompyuta, akarudi na begi la mgongoni na lafudhi mpya, akafikia kwenye kochi la shangazi yake. Hapo akatulia kama balozi aliyesahauliwa na serikali yake.

Shangazi alikuwa na duka la dobi. Mashine za kufulia chumba cha nyuma, kamba za kuanikia uani, na kwenye meza ya pasi bintiye, mwenye maneno ya moto kuliko hiyo pasi. Sasa Shangazi alikuwa anafungua duka la pili karibu na stendi, na duka la pili linataka meneja.

"Shangazi, usitafute mbali," Injinia akasema kutoka kochini.

"Mbali sitafuti. Natafuta anayeamka."

Wakapatana hivi. Injinia atengeneze mfumo. Mteja akileta nguo, aandikwe kwenye kompyuta. Nguo zikiwa tayari, mfumo wenyewe umtumie meseji aje achukue. Jumamosi Shangazi aone kwa macho yake. Mfumo ukifanya kazi, ufunguo wa duka la pili ni wa Injinia. Usipofanya, Injinia anashika pasi chini ya binamu yake.

Injinia akacheka kwa huruma. Siku hiyohiyo akapiga marufuku vile vikaratasi vya namba vinavyobanwa kwenye nguo za watu. Ushamba! Nguo ya nani ni ipi, kompyuta itajua. Wiki nzima akawa anawaandika wateja humo.

Jumamosi asubuhi akavaa tai, akamketisha Shangazi kwenye kiti cha wateja, akaanza mhadhara.

"Jambo haliingii kwenye faili kuu papo kwa papo, Shangazi. Kwanza linaandikwa kwenye faili la pembeni. Baadaye, kompyuta ikipata wasaa, inalihamishia kwenye faili kuu. Lakini kinacholipitisha jambo ni komiti."

"Kamati."

"Komiti."

"Ndiyo, kamati. Ina watu gani?"

"Haina watu, Shangazi! Ni kitufe. Nikikibonyeza, jambo limepita. Likishapita tu, mfumo unamwita mteja."

"Kamati isiyo na watu ndiyo inapitisha nguo za wateja wangu?"

"Kabisa."

"Na mimi sikualikwa."

Binamu akageuza kola ya shati na kuikandamiza pasi. "Mama, kamati isiyo na watu haigombani. Wewe mwache."

Injinia akaanza majaribio. Akamwingiza mteja wa uongo mwenye namba ya simu yake mwenyewe, akaandika kwamba nguo zake ziko tayari, kisha, kwa sababu yeye ni mtu msafi, akafuta yote kabla ya kubonyeza komiti, ili asichafue kumbukumbu. Akaitazama simu yake aliyoiweka mezani. Kimya. Akarudia. Akafuta tena. Simu ikalala kama imekunywa dawa ya usingizi.

"Imeita?" Shangazi akauliza.

"Inakaribia."

"Hata mgeni wa Krismasi hukaribia, lakini hatimaye hubisha."

Jasho likamtembea Injinia chini ya tai. Akaona ufunguo wa duka la pili ukiondoka taratibu, ukienda kwa mtu mwingine. Akafikiri. Akafikiri sana. Na ghafla akaruka kitini!

"Ah! Mwito hauwezi kuja kama jambo halijapita! Mimi nafuta kabla ya komiti, kwa hiyo mfumo unamwita nani, na kwa lipi? Mfumo wangu uko sawa! Kosa ni usafi wangu!"

Hapo, kwa kweli, alikuwa sahihi. Angeishia hapo na mteja wake wa uongo, tungekuwa tunamwita meneja leo. Lakini mtu mwenye hadhi yake atatestije kwa mteja wa uongo mbele ya shangazi? Akafungua orodha ya wateja wa kweli. Ikamuuliza achague nani. Akachagua wote. Akaandika: tayari. Akabonyeza komiti kwa kidole kimoja, shingo juu, kama mfalme anayezindua daraja.

Mfumo ukafanya kazi. Haukukosea hata herufi!

Simu zikalia kwa kinyozi. Zikalia kwenye duka la dawa. Zikalia ghorofani na barabarani. Kila aliyepeleka nguo kwa Shangazi wiki ile aliambiwa kwa adabu kwamba nguo zake ziko tayari, aje sasa.

"Imefaulu!" Injinia akapaza sauti.

"Nguo gani ziko tayari?" Shangazi akauliza.

Chumba cha nyuma mashine zikaendelea kuzungusha nguo za mtaa mzima, zote pamoja, katika povu.

Wa kwanza kufika alikuwa bwana harusi wa siku ileile, amevaa bukta na viatu vya ngozi. Nyuma yake mwalimu mkuu. Nyuma ya mwalimu mkuu, mlango haukuonekana tena.

"Nipe suti yangu, kaka, naoa saa nane."

"Subirini kidogo," Injinia akasema. "Narudisha jambo nyuma."

"Si ulisema likishapita limepita?" akauliza binamu.

"Kwa mtu wa kawaida."

Akaiua programu, akafungua folda, akaliona lile faili la pembeni. Akawaza: jambo liliandikwa humu, nikilifuta faili, jambo halikutokea. Akalifuta.

Lakini Injinia aliwahi kusoma mahali kwamba kuhamisha mambo kwenda faili kuu kunaichosha kompyuta, basi kwa huruma alikuwa ameizuia tangu mwanzo isihamishe kitu. Wiki nzima ya wateja, majina na nguo zao, vilikaa humo pembeni. Alipofungua tena, mfumo ulimweleza kwa utulivu kwamba duka halijawahi kupata mteja.

Wateja, wamebanana hadi kibarazani, wakainua simu zao kumwonyesha meseji.

Shangazi akasimama. "Leteni mabeseni. Kila mtu atambue chake."

Nguo zikatolewa moja moja, zinachuruzika maji, zikanyanyuliwa mbele ya hadhara. Nesi alitambua shuka zake kwa sauti ya kazini. Mwalimu mkuu alitambua chupi yenye picha za bata, kwa niaba ya rafiki. Mabibi wawili waligombania gauni moja hadi binamu akaamua kwa kuwataka walivae. Halikumwingia hata mmoja. Suti ya bwana harusi ilipatikana chini kabisa, nzito kama mtoto aliyelala.

"Naipiga pasi ikiwa mbichi hivihivi," binamu akamwambia. "Wewe nenda nyumbani ukaoge. Utaitwa."

"Nitaitwa na nani?" bwana harusi akauliza, akiitazama kompyuta kwa chuki.

Shangazi akamtazama Injinia. Akamvua tai kwa mkono wake.

"Na huyu. Hata pasi simpi, ataniunguzia nguo za watu. Kuanzia leo nguo ikiwa tayari, huyu ndiye meseji. Atakwenda kwa miguu, atabisha hodi, atasema."

Pasi ikanguruma, mvuke ukapanda, binamu akasema, "Tayari," na Injinia akatoka mbio. Akapita kwa kinyozi, akapita duka la dawa, watu wakimpigia makofi. Akabisha hodi. Bwana harusi akafungua, kavaa taulo.

"Suti iko tayari," Injinia akasema, anahema.

"Imekauka?"

"Imekauka."

"Umeigusa?"

"Mimi ni meseji tu."

"Rudi ukaiguse."

Akarudi, akaigusa. Kiunoni ilikuwa bado mbichi.