Jina la Egide kwa Taa Nyekundu

Jumatatu, 9 Juni 1997
Na isitoshe, mwanamume mzuri kama Egide hafai kuandikwa kwa chaki! Wiki tatu za ndoa, na kibanda cha ushonaji cha mume wangu bado kina jina la chaki mlangoni. Feliksi, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ana kibao cha rangi ya mafuta. Haya. Nimeng'oa IC za kasi, vile vidude vyeusi vya kuwasha na kuzima umeme, kwenye kompyuta mbovu ya baba. Taa ndogo nyekundu ninazo. Betri ya gari ninayo. EGIDE atapita juu ya mlango, herufi baada ya herufi. Mtaa wote wa Kasingirima utajua!

Jumanne, 10 Juni
Jina linawaka! Egide akanitazama kwa yale macho yake. Nikasahau hata nilipoliweka koleo.
Mchana akafika mama yake, Mama Veneranda, kutoka kambi ya wakimbizi. Kibali chake ni hadi Jumamosi. Redio yake imekufa, na kila saa kumi na moja jioni husomwa majina ya waliopotezana wakati wa kukimbia Burundi. Anamtafuta kitinda mimba wake, Ntakarutimana. Tukakaa. Redio yetu ikakoroma kama mashine ya kusaga. Halikusikika jina hata moja! Nikalaumu mawingu.

Jumatano, 11 Juni
Si mawingu. Ni mimi. IC zangu zina kasi mno: herufi ikibadilika, umeme wa nyaya nane unaruka kwa pamoja, na kila mruko redio inaunasa. Ningezima taa nusu saa, lakini hiyo ndiyo saa wateja wanapita!
Nikaweka rizista kubwa kila waya, umeme upande polepole. Redio safi! Ila E hakutaka kuondoka, G akamkuta palepale. Feliksi akauliza, kwa sauti ya kufika sokoni, kama Egide amehamia China, herufi zilivyopandana kama Kichina. Nikang'oa rizista zote saa kumi na moja kasorobo. Mkoromo tena. Mama akasema tu, "Yemwe, mukazana." Yemwe ni "jamani" ya Kirundi; mukazana ni mimi, mke wa mwanawe. Chai yangu hakuimaliza.

Alhamisi, 12 Juni
Nimekiri. Hakugomba. Akauliza hizo nyaya zinafanya nini hasa. Nikamweleza. Akasema hayo aliyaona Kagunga siku walipovuka: boti ilipogusa mchanga, wote wakasimama kwa mpigo, nusura ipinduke. Nahodha akafoka washuke mmoja mmoja, ila wasilale humo!
Mama wee! Rizista ndogo, zisizolingana: waya wa kwanza uruke, wa pili ufuate, na wote wawe wamefika kabla herufi haijabadilika. Na waya mnene wa kurudi kwenye betri. Jioni EGIDE akasomeka, redio ikazungumza. Tukahesabu majina arobaini. Ntakarutimana hakuwemo. Mama akakunja khanga yake, akaikunjua, akaikunja tena.

Ijumaa, 13 Juni
AMETAJWA! Ntakarutimana, mwana wa Veneranda, yu hai, yuko kambi ya upande wa Kibondo, anamtafuta mama yake! Mama akaangukia vitambaa vya wateja akilia. Egide akalia. Feliksi akavuka barabara kuuliza kuna nini, akaambiwa, akalia kuliko wote. Jamani, nimeolewa kwa watu wazuri!

Jumamosi, 14 Juni
Mama ameondoka na pikapu ya asubuhi, akaombe ruhusa mwanawe aletwe kwake. Egide, kipenzi changu, ananisihi taa niziache kama zilivyo. Haelewi! Zilizoleta habari njema ni taa, nina hakika. NTAKARUTIMANA ni herufi kumi na tatu. Nimeanza: nyaya thelathini na mbili, IC za kasi tupu, bila rizista hata moja, maana zinachelewesha furaha. Nitazitundika penye redio kubwa ambayo Mama anasema kambi inaletewa mwezi huu, saa kumi na moja jioni, watu wote wakiwa wamekusanyika kusikiliza. Dereva nimempa ujumbe ampe Mama: kabla Juni haijaisha, tutakuja kuwatembelea.